Mti Usio na Kivuli

Mama huwaambia majirani wa Isevya
kwamba Kalunde wake yuko maktaba.
Jumamosi moja Mama Nyanzobe alibisha hodi na kitambulisho mkononi,
anataka kuazima kitabu cha mapishi.
Nikamwonyesha kioo cha kompyuta. Akakitazama kitambo,
akasema, "Pole, mwanangu," akaenda zake.

Maktaba yangu haina rafu.
Ina mistari elfu nne na ushee
ya watu ambao sura zao sizijui,
na kazi yake ni moja: kuusoma mti
ambao bodi hukabidhiwa kila inapoamka,
kabla haijajua kama ina jicho au mkono.
Mzizi uko juu, matawi yanashuka,
na kwenye kila tawi kifaa kinajitaja:
mimi saa, mimi redio,
mimi mzani, nakaa hapa, nigongee hapa.

Mzani ndio ulionikosesha usingizi.
Tuliutundika Ipole, kati ya tawi la myombo na mzinga wa Shija.
Bodi ikaamka, ikahesabu vyake,
ikasema: mzani hakuna.
Shija akatikisa waya. Hakuna.
Akaniangalia kama mtu aliyeshonewa suruali ya mguu mmoja.

Nikarudi Tabora na vumbi la Sikonge masikioni.
Siku tatu. Usiku nikitafuna matobolwa
mpaka taya zikagoma.

Katika mti huu mtoto
hajui urefu wa anuani yake mwenyewe.
Mzazi ndiye husema: wanangu wasomwe kwa tarakimu moja,
au: wasomwe kwa mbili.
Na mzazi akinyamaza?
Hapo ndipo nilipokuta mkono wa mtu wa zamani,
hana jina, ana nia njema,
ameandika: mzazi akinyamaza, panda kwa babu, ukaulize.

Nilicheka peke yangu, saa nane za usiku.
Kwetu ndivyo hasa. Baba alipoacha kutuma barua kutoka Mpanda
tulipelekwa kwa babu,
akatuhesabia siku za baba kwa vidole vyake yeye.
Hazikulingana.

Kanuni ya mti ni kavu:
idadi hairithiwi.
Mzazi akinyamaza, hesabu mbili, basi,
usipande kwa mtu.
Babu wa mzani alikuwa amesema moja, kwa wanawe,
nasi tukaikata anuani ya mjukuu nusu
tukawa tunagonga mlango wa nyumba isiyojengwa.

Nilifuta mistari kumi na mitatu, nikaweka minne.
Kisha nikapanda miti ya uongo, ya kuijaribu:
mmoja wenye mzazi bubu,
mmoja wenye tawi lisilo jina,
mmoja uliokatika katikati kama barua iliyoliwa na mchwa.
Kwa huo wa mwisho maktaba ilikuwa ikipitiliza,
inasoma kumbukumbu za wengine na kuziita majani.
Nikaiwekea mpaka. Ikifika pale irudi, iseme: nimekosa.

Mkaguzi wa huko mbali akaniandikia:
umesahihisha, lakini zipo bodi
zimeishi kwa kosa hili miaka sita,
zimejenga juu yake, zinawasha pampu za watu.
Sikuwa na jibu mpaka kesho yake mchana,
nikiwa foleni ya kununua luku.
Nikaongeza onyo. Halizimi kitu, halimfukuzi mtu,
linasema tu wakati wa kuamka:
mzazi wa kifaa hiki hajasema. Mwambieni aseme.

Alhamisi Shija alipiga simu: umeonekana!
Kilo kumi na tisa na robo.
Ijumaa alfajiri: kilo nne.
Nikaruka kitandani, nikaufungua mti kutoka mzizini,
nikapita mstari kwa mstari, kanga begani, sijanawa,
nikiitafuta aibu yangu ilikojificha,
hata simu ikalia tena.

"Kalunde, acha kutafuta huko.
Nimekuta nyayo. Ni nyegere.
Kabeba na masega."